Juu ya nini gari ya spoti inakuwa bei kali inje ya inchi yake

Gari ya spoti inayoitwa Chevrolet Corvette inatengenezwa katika muji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani. Wakati kizazi chake cha nane kilianza kuuzishwa kule mwaka 2020, ile ya bei ya chini ilikuwa dola 59,995. Mwaka uliofuata, gari hiyo ikafika Uingereza kwa paundi 81,700, ni kusema zaidi ya dola 110,000. Katika Japan, ile ya bei ya chini iliandikwa yeni 11,800,000, karibu dola 108,000 kwa bei ya kubadilisha feza ya wakati ule. Motere ni ile ile ya litre 6.2, kiwanda ni kile kile, wafanyakazi ni wale wale.

Mutu anayeona bei hizo anaweza kuwaza kwamba kuko mwizi njiani. Mara ingine kuko kweli mutu anayekula zaidi. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye makaratasi, na mwenye kujua kuhesabu anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Hesabu ile ile njo inafanya Toyota ya zamani inunuliwe bei ndogo Japan na ifike Butembo, Bunia ao Uvira ikiwa na bei mara mbili. Gari ya spoti inasaidia kuelewa jambo hilo, kwa sababu kwake kila kitu kinaonekana kikubwa.

Kwanza, kulinganisha bei sawasawa

Bei mbili zilizoandikwa kwenye kioo cha duka hazisemi kitu kimoja kila wakati. Marekani, bei ya gari inaandikwa bila kodi ya mauzo. Kodi hiyo inaongezwa wakati wa kulipa, na kila jimbo liko na yake: California inaanza na 7.25 kwa mia, na Oregon haina hata kidogo. Katika Ulaya na Japan, bei inaandikwa ikiwa tayari na kodi ndani. Uingereza TVA ni 20 kwa mia. Japan ni 10 kwa mia tangu mwaka 2019.

Kwa hiyo, kwenye zile paundi 81,700, karibu paundi 13,600 ni za leta. Haziko za kampuni wala za muuzaji. Mutu akiziondoa, zinabaki paundi 68,000 hivi.

Tena, gari inayopelekwa mbali mara mingi haiko ile ya chini kabisa. Katika Japan, Corvette ya ngazi ya kwanza haikuuzishwa. Walianza na ngazi ya pili, ile inayoitwa 2LT. Ngazi hiyo Marekani ilikuwa dola 67,295. Sababu ni kwamba kampuni inayopeleka gari chache inje haipendi kupeleka aina kumi za gari moja. Inachagua mbili ao tatu, zenye vifaa mingi tayari, na mununuzi wa inje hapati nafasi ya kuchagua ile ya bei ndogo.

Hata kisha kusafisha hesabu vile, tofauti inabaki kubwa. Inatoka wapi?

Safari: FOB na CIF

Katika biashara ya gari kuko herufi tatu tatu ambazo kila mutu anayenunua kutoka mbali anazikuta: FOB na CIF.

FOB ni bei ya gari ikiwa imepakizwa ndani ya meli kwenye bandari ya kule inakotoka. Safari ya bahari haijalipwa. CIF ni bei ya gari, pamoja na asiransi, pamoja na usafiri wa meli mpaka bandari fulani. Jina la bandari linafuata kila mara: CIF Mombasa, CIF Dar es Salaam, CIF Tokyo.

Gari za kawaida zinasafiri ndani ya meli kubwa zenye orofa nyingi, ambamo gari zinaingia zikiendeshwa na kutoka zikiendeshwa. Wenye gari za spoti mara mingi wanaogopa mikwaruzo na wizi wa piesi. Wanalipa kontenere ya gari moja peke yake, ao hata ndege. Asiransi pia inahesabiwa kufuatana na bei ya gari: gari ya dola 200,000 haiwezi kulipa asiransi sawa na gari ya dola 5,000.

Hata vile, kwa gari ya dola 60,000, usafiri na asiransi haviko mzigo mukubwa. Tuseme vyote viwili ni dola 3,000. Hiyo ni 5 kwa mia tu. Lakini dola hizo 3,000 ziko na tabia mbaya: haziishii pale. Katika inchi nyingi za dunia, duane haihesabu ushuru juu ya bei ya gari peke yake. Inahesabu juu ya CIF, ni kusema juu ya gari, asiransi na safari vyote pamoja. Mununuzi analipa safari, kisha analipa ushuru wa ile safari.

Kodi juu ya kodi

Hapa njo moyo wa jambo. Kodi za kuingiza gari hazipangwe moja pembeni ya ingine. Zinapandana. Ya pili inahesabiwa juu ya jumla ambayo ya kwanza iko tayari ndani yake, na ya tatu juu ya zote mbili.

Mufano wa Uingereza. Tuchukue gari ya dola 60,000 kutoka Marekani, na safari na asiransi ya dola 3,000:

- CIF: dola 63,000.
- Ushuru wa duane, 10 kwa mia: dola 6,300. Jumla 69,300.
- Tuseme mwenye kuleta gari na muuzaji wanaongeza dola 10,000 kwa kazi na faida yao: jumla 79,300.
- TVA, 20 kwa mia ya ile jumla: dola 15,860. Bei ya mwisho: dola 95,160.

Ushuru ulionekana mudogo, 10 kwa mia. Lakini TVA imehesabiwa pia juu ya ushuru, juu ya safari, na juu ya faida ya muuzaji.

Mufano wa China ni mukali zaidi. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2018, ushuru wa kawaida wa gari zinazotoka inje ulishushwa kutoka 25 mpaka 15 kwa mia. Watu wengi wangewaza kwamba gari zitakuwa za bei ndogo. Lakini kisha ushuru kunakuja kodi ya matumizi, inayofuata ukubwa wa motere. Motere ya litre moja inalipa kidogo sana. Motere inayopita litre 4 inalipa 40 kwa mia, na hiyo 40 inahesabiwa kutoka ndani ya bei iliyo na kodi tayari, si juu ya bei ya mbele. Kisha inakuja TVA ya 13 kwa mia. Ile gari moja yenye motere ya litre 6.2:

- CIF: dola 63,000.
- Pamoja na ushuru wa 15 kwa mia: 72,450.
- Pamoja na kodi ya matumizi: 120,750.
- Pamoja na TVA: karibu 136,450.

Gari imepita mara mbili ya bei yake, na muuzaji hajaweka hata dola moja ya faida. Ushuru ambao serikali inatangaza, ile 15 kwa mia, ni sehemu ndogo ya hesabu. Na zile dola 3,000 za safari? Zimekuwa karibu dola 6,500. Katika inchi kama hiyo, kila dola moja inayoongezwa mwanzoni inazaa dola ya pili na zaidi mbele ya kufika kwa mununuzi.

Hesabu hii ni ya wakati wa amani ya biashara. Inchi zikigombana, ushuru wa azabu unaongezwa juu. Mwaka 2025 Marekani yenyewe iliongeza ushuru wa 25 kwa mia juu ya gari za inje, kisha wakapatana na Japan na Umoja wa Ulaya kwenye 15 kwa mia. Mbele ya hapo ilikuwa 2.5 tu. Kampuni ya Ferrari, ambayo gari zake zote zinatoka Maranello kule Italia, ilitangaza mwezi wa 3 mwaka huo kwamba bei ya modeli fulani Marekani itapanda mpaka 10 kwa mia.

Juu ya nini gari za spoti njo zinaumizwa zaidi

Serikali nyingi zinapima kodi ya gari kufuatana na motere, moshi ao bei. Gari ya spoti iko juu kwa vyote vitatu. Mwenye kuinunua anaonekana kuwa tajiri, na hakuna kiongozi anayeogopa kupoteza kura kwa kumulipisha.

Danemark inatoza TVA ya 25 kwa mia, kisha kodi ya kuandikisha gari, inayohesabiwa juu ya bei iliyo na TVA tayari. Kodi hiyo iko na ngazi: kipande cha kwanza cha bei kinalipa kidogo, na kipande cha juu kinalipa 150 kwa mia. Gari ndogo inabaki karibu yote kwenye ngazi za chini. Gari ya spoti inapanda mpaka juu.

China iliongeza mwaka 2016 kodi ingine ya 10 kwa mia juu ya gari za anasa zinazopita yuani 1,300,000. Mwaka 2025 mupaka huo ukashushwa mpaka yuani 900,000, na gari zingine nyingi zikaingia ndani.

Singapore njo mufano ambao wenye kupenda gari wanautaja zaidi. Ni kisiwa kidogo, na serikali haitaki gari zijaze barabara. Tuchukue gari ambayo duane ya kule inaipima dola 60,000 za Singapore. Inalipa ushuru wa 20 kwa mia, ni kusema 12,000. Inalipa kodi ya mauzo ya 9 kwa mia, 6,480. Kisha inalipa kodi ya kuandikisha inayopanda ngazi kwa ngazi: dola 20,000 za kwanza zinalipa 100 kwa mia, 20,000 zinazofuata 140, 20,000 zingine 190. Jumla ya kodi hiyo peke yake ni 86,000. Gari imefika dola 164,480.

Na haijaruhusiwa bado kutembea. Tangu mwaka 1990, mutu anapaswa kwanza kununua karatasi ya ruhusa kwenye munada, na karatasi hiyo inamaliza nguvu kisha miaka 10. Mwezi wa 10 mwaka 2023, karatasi ya gari zenye motere kubwa ilipita dola 150,000 za Singapore. Karatasi peke yake ilikuwa na bei zaidi ya gari nyingi ambazo ilikuwa inaruhusu.

Japan: ushuru ni zero, lakini bei haishuke

Kama kodi ingekuwa sababu peke yake, Corvette ingekuwa bei ndogo Japan. Japan haitozi ushuru wa duane juu ya gari za inje tangu mwaka 1978. Ni zero. Lakini ile yeni 11,800,000, hata kisha kuondoa kodi ya 10 kwa mia, inabaki karibu dola 98,000, wakati gari ya ngazi ile ile Marekani ilikuwa dola 67,295. Dola 30,000 hivi zimeongezeka bila duane kugusa kitu.

Sehemu moja ni safari, vifaa vya ziada na faida ya muuzaji. Ingine ni gharama ambayo mununuzi haione: kubadilisha gari ifuate sheria za inchi ingine. Taa, vioo, mikaba, moshi, kelele, namna gari inavyovunjika wakati wa ajali, vyote vinapimwa upya na kupewa ruhusa. Gharama hiyo haifuate hesabu ya gari zitakazouzishwa. Tuseme kazi hiyo inakula dola 5,000,000. Kampuni ikiuzisha gari 50,000 katika inchi hiyo, kila gari inabeba dola 100. Ikiuzisha gari 500 tu, kila gari inabeba dola 10,000.

Gari za spoti ziko kila mara upande wa hesabu ndogo. Ferrari ilipeleka kwa wanunuzi wa dunia yote gari 13,752 mwaka 2024. Toyota inatengeneza karibu milioni 10 kwa mwaka. Kila gharama ambayo Toyota inagawanya kwa mamia ya maelfu ya watu, muuzaji wa gari za spoti anaigawanya kwa watu wachache. Ni vile pia kwa garaji: fundi aliyefundishwa, mitambo ya kupima, depo ya piesi. Duka linalouzisha gari 20 kwa mwaka linalipa nyumba na mishahara yake kwa faida ya gari 20.

Kuko pia volani. Japan na Uingereza wanatembeza gari upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo volani inakaa kuume. Vizazi saba vya Corvette, tangu mwaka 1953, vilitoka kiwandani vikiwa na volani ya kushoto tu. Wenye kutaka ya kuume, kama Waaustralia, walipaswa kulipa mafundi wa kuibadilisha, kazi ya feza mingi. Kizazi cha nane njo cha kwanza kupewa volani ya kuume kiwandani.

Sheria inaweza kufunga mulango kabisa

Mara ingine gari haikatazwi na bei, inakatazwa na karatasi. Marekani iko na sheria ya mwaka 1988: gari ambayo haikutengenezwa kufuatana na sheria za usalama za Marekani haiwezi kuingia kirahisi mbele ya kumaliza miaka 25. Nissan Skyline GT-R aina ya R34, iliyotengenezwa Japan toka mwaka 1999 mpaka 2002, vijana wa Marekani waliipenda kupitia filamu na michezo ya video, lakini hawakuweza kuinunua na kuitembeza kama gari ya kawaida. Mwaka 2024 zile za kwanza zilimaliza miaka 25, na mulango ukafunguka.

Matokeo ni kwamba gari ya zamani, iliyotembea kilometre mingi, inaweza kuuzishwa bei kali kupita gari mupya. Gari hizo haziongezeki tena, na wanunuzi wa inchi kubwa wamengojea robo ya karne. Hata Japan kwenyewe bei yake ilipanda, kwa sababu wauzaji walijua kwamba Wamarekani wanakuja.

Bei ya feza

Mwaka 2011, dola moja ilishuka mpaka chini ya yeni 80. Mwaka 2024, ilipita yeni 160. Gari ya yeni 10,000,000 ilikuwa dola 125,000 katika wakati wa kwanza, na dola 62,500 katika wakati wa pili. Bei ya kiwanda haikubadilika hata yeni moja.

Kampuni haiwezi kubadilisha bei ya inje kila asubuhi. Inachagua bei moja kwa mwaka na kuweka ndani kipande cha kujikinga, ili feza ikianguka isipate hasara. Yeni ikishuka, mununuzi wa inje haoni punguzo yote. Kampuni inabakiza sehemu yake. Kwa hiyo kulinganisha bei ya leo ya Tokyo na bei ya duka la inchi ingine kunaweza kudanganya: moja inafuata feza ya leo, ingine ilipangwa miezi mingi mbele.

Na wale wanaokula zaidi?

Wako. Kampuni inauliza swali moja katika kila inchi: mutu wa hapa anakubali kulipa ngapi? Mahali ambapo gari ya inje ni alama ya heshima, bei inapanda bila sababu ya duane wala ya meli.

China ilifanya uchunguzi juu ya jambo hilo mwaka 2014. Wakubwa wa serikali walisema kwamba kampuni za gari na maduka yao wanapatana bei na kuzuia watu kununua piesi mahali pengine. Kampuni inayouzisha Audi ilipigwa faini ya karibu yuani milioni 249, na Chrysler karibu milioni 32. Mwaka 2015 Mercedes-Benz ikapigwa milioni 350. Wakati uchunguzi ulikuwa unaendelea, kampuni kadhaa zilishusha bei za gari na piesi, ijapokuwa kodi hazikuwa zimebadilika. Ni kusema nafasi ya kushusha ilikuwepo.

Njia ingine ya kupambana na hali hiyo ni wafanyabiashara wanaonunua gari katika inchi ya bei ndogo na kuileta wenyewe, bila kupita kwa duka la kampuni. Bei inashuka, lakini mara mingi garanti inabaki kule gari ilikotoka, na garaji ya kampuni inaweza kukataa kuitengeneza bure.

Dubai inaonyesha upande wa pili wa hesabu. Kule ushuru ni 5 kwa mia na TVA 5 kwa mia. Ile gari ya CIF dola 63,000 inakuwa dola 69,500 hivi mbele ya faida ya muuzaji, wakati China imefika 136,450. Ni sababu moja ya Dubai kujaa gari za spoti, na ya wafanyabiashara wa Kivu na Ituri kwenda kutafuta gari kule. Lakini bei ya Dubai ni bei ya Dubai. Gari ikivuka mupaka ingine, hesabu inaanza upya.

Kutoka Japan mpaka Kivu na Ituri

Kwa mutu wa mashariki mwa Kongo, gari haiko Corvette. Ni Toyota ya miaka kumi na zaidi, ya kubeba familia ao ya teksi. Hesabu ni ile ile, lakini mzigo umehama. Kwa gari ya dola 60,000, safari ya dola 3,000 ilikuwa 5 kwa mia. Kwa gari ya dola 5,000, safari ya dola 2,000 ni 40 kwa mia. Meli haiulize kama gari ni ya tajiri ao ya masikini. Inapima nafasi ambayo gari inakamata.

Na meli inaishia Mombasa ao Dar es Salaam. Kutoka pale kunabaki barabara ya Kenya na Uganda mpaka Kasindi, Mahagi ao Bunagana, ao ya Tanzania na Rwanda ao Burundi mpaka Bukavu na Uvira. Gari inayopita haipaswi kulipa ushuru wote wa inchi ya njiani, lakini kuko dhamana, karatasi za transiti, shofere, mafuta, na siku za kulala bandarini, zinazolipiwa wakati siku za bure zimeisha.

Tufanye mufano, kwa namba za kufundishia tu. Gari FOB dola 5,000. Meli na asiransi dola 2,000. Kutoka bandarini mpaka mupaka wa Kongo dola 1,500. Imekuwa 8,500. Ngazi za ushuru wa kuingiza vitu Kongo ni 5, 10 na 20 kwa mia. Tuchukue 10: inakuwa 9,350. TVA ya Kongo, iliyoanza mwaka 2012, ni 16 kwa mia: inakuwa 10,846. Malipo ya ofisi zingine kwenye mupaka, kazi ya deklara na plake haviko ndani bado. Gari imepita mara mbili ya bei iliyoonekana kwenye picha, sawa vile gari ya spoti ilivyofanya China.

Wengine wanafikiri kwamba tangu Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, gari inayotoka Mombasa itapita bila ushuru. Haiko vile. Kinachohesabiwa ni mahali kitu kilitengenezwa, haiko bandari kilikopita. Gari ya Japan inabaki gari ya Japan, hata ikilala Mombasa mwezi muzima.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutuma feza

Hasara kubwa haitokei kwa sababu ya kodi yenyewe. Inatokea wakati mutu ametuma feza zote za gari, kisha anakosa za kuitoa bandarini, na kila siku inayopita inaongeza deni. Kwa hiyo, mununuzi anafaa kupata majibu haya kwa maandishi:

- Bei inayoandikwa ni FOB ao CIF? Kama ni CIF, ni CIF ya bandari gani?
- Ni siku ngapi za bure bandarini, na kisha pale siku moja inalipiwa ngapi?
- Deklara ameandika malipo yote, moja moja, ao ametaja namba moja tu ya jumla?
- Duane itakubali bei ya fakture? Ikiona fakture iko chini sana, duane inaweza kupima gari kwa bei yake yenyewe, na ushuru unafuata ile bei.
- Volani iko upande gani? Kongo wanatembea kuume. Gari zenye volani ya kuume ni nyingi mashariki, lakini sheria ya kuziingiza inapaswa kuulizwa kwenye ofisi ya duane mbele ya kununua.
- Gari iko na miaka ngapi, na inchi itakayopokea inakubali miaka hiyo?
- Piesi zake zinapatikana wapi? Gari ya bei ndogo ambayo piesi yake inaagizwa kila mara kutoka mbali italipa tena ile safari, na ile kodi juu ya kodi, kila inapovunjika.

Namna rahisi ya kujikinga ni kuanza hesabu kwenye mwisho: kuuliza kwanza gari ya aina hiyo inauzishwa ngapi katika muji, kisha kutoa plake, kodi, barabara na meli. Kinachobaki njo bei ambayo mutu anaweza kulipa Japan ao Dubai.